Somo la Historia: Andika Jina Nyuma ya Picha

Leo tutazungumza habari za kitu kilichomo katika nyumba nyingi, nacho ni picha. Kabla hatujaanza, nakuomba ufanye jambo moja. Ikiwa nyumbani mwako pana picha ya zamani ya karatasi, iwe ya babu, ya shangazi au ya siku ya arusi, itafute uiweke mbele yako. Kisha igeuze utazame mgongo wake. Je, pameandikwa neno lo lote? Lishike jibu lako, tutalirudia mwishoni.

Habari yetu inatoka kusini mwa Tanzania, katika Masasi na Newala. Wenyeji wa huko wanaijua nchi yao, lakini wengine na tuwaeleze kidogo. Masasi iko chini, katikati ya vilima vya mawe makubwa yaliyosimama peke yake juu ya nchi tambarare. Ukitoka hapo kwenda mashariki unapanda mpaka uwanda wa juu wa Wamakonde. Newala iko ukingoni mwa uwanda huo, na ukisimama ukingoni unaliona bonde la mto Ruvuma mbali chini. Wakazi wa sehemu hizi ni Wamakonde, Wamakua, Wayao na wengine.

Katika mwaka 1906 alifika huko Mjerumani mmoja, Karl Weule, jina ambalo Wajerumani hulitamka Voile. Alikuwa mtu wa nyumba ya makumbusho ya mji wa Leipzig. Mwanzo alikusudia kwenda upande wa Kondoa Irangi, lakini huko kulikuwa na machafuko, basi akapelekwa kusini. Alishuka Lindi, akaenda Masasi, akakaa Chingulungulu, kisha akapanda Newala. Alichukua kamera za kupigia picha, mashine ya kunasa sauti, na mashine ya kupiga picha za sinema. Wakati ule vitu hivyo vilikuwa vigeni kwa watu wengi wa nchi zile.

Sasa fikiri ulikuwa wakati gani. Vita vya Maji Maji vilianza mwaka 1905, na mwaka huo huo misheni ya Masasi ilichomwa moto. Vita havikwisha mpaka mwaka 1907. Mgeni huyu basi alipita katika nchi yenye majeraha, naye alifuatana na askari wa serikali iliyokuwa ikipigana na wananchi. Mtu anapoambiwa, “Simama hapa, tazama huku,” na nyuma ya msemaji pana askari mwenye bunduki, je, ana hiari ya kukataa? Ukiziona picha za siku zile, na nyuso zisizocheka, likumbuke swali hilo.

Kazi yenyewe haikuwa nyepesi. Wapiga picha wa safari za namna ile walitumia hasa mabamba ya kioo, ambayo ni mazito na huvunjika upesi, na wa kuyabeba ni wapagazi. Picha haisafishwi ila katika giza, tena hutaka maji safi na ya baridi. Pale Newala maji yalikuwa shida, maana juu ya uwanda hakuna mito, na wanawake walikuwa wakiteremka mabondeni kuyateka na kuyapandisha kichwani. Tena Weule aliulalamikia sana upepo mkali wa Newala uliokuwa ukivuma jioni na usiku. Hata hivyo alirudi kwao na picha nyingi, na mwaka 1908 akatoa kitabu cha safari yake. Mwaka uliofuata kikatoka kwa Kiingereza.

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Ukifungua kitabu kile utawaona watu wa Masasi na Newala kama walivyokuwa katika mwaka 1906: wanawake wenye ndonya midomoni, vijana, wazee, nyumba na ngoma. Lakini ukisoma maneno yaliyo chini ya picha utaona mara nyingi limeandikwa kabila na mahali tu. Mwanamke wa Kimakua. Wanawake wa Kimakonde. Myao. Jina halipo. Wakubwa kama Matola wa Chingulungulu na Nakaam wa Chiwata wametajwa kwa majina yao, lakini mama aliyesimama juani hakuulizwa jina, au aliulizwa na halikuandikwa.

Kuna jambo jingine la kuangalia. Weule aliwapa baadhi ya watu karatasi na kalamu za risasi, akawaambia wachore wapendavyo. Mmoja wao alikuwa mnyapara wa wapagazi wake, aliyeitwa Pesa Mbili. Michoro yake imo kitabuni, na jina lake limo. Angalia tofauti iliyopo. Yule aliyeishika kalamu mwenyewe tunamjua kwa jina mpaka leo. Yule aliyetazamwa na kamera ya mwingine tunaijua sura yake tu. Huenda yuko mjukuu wake Newala, anapita kila siku njia ile ile, wala hajui kwamba sura ya bibi yake imo katika kitabu cha Ulaya.

Baada ya hayo, kamera ilitokaje mikononi mwa wataalamu na kufika kwa watu wa kawaida? Mwaka 1888 Mmarekani George Eastman alianza kuuza kamera aliyoiita Kodak. Ilikuwa na filamu ya kutosha picha 100. Ukizimaliza, unaipeleka kamera nzima kiwandani, nao wanakusafishia picha na kukurudishia kamera ikiwa na filamu mpya. Bei yake ilikuwa dola 25, na hizo zilikuwa fedha nyingi. Mwaka 1900 kampuni hiyo ikatoa kamera iitwayo Brownie kwa dola moja tu. Ilikuwa sanduku dogo la karatasi ngumu, lenye lenzi mbele na filamu ndani.

Kamera ya sanduku haina mambo mengi. Lenzi huukusanya mwanga, kipazia hufunguka na kufunga upesi, labda kwa sehemu ya hamsini ya sekunde, na mwanga huacha alama juu ya filamu. Nyuma yake pana kidirisha chekundu cha kusomea namba. Ukisahau kuisogeza filamu, utapata picha mbili juu ya moja: mjomba na mbuzi mahali pamoja! Katika filamu ya 120, kamera nyingi za sanduku zilitoa picha 8 tu. Kwa hiyo mtu alifikiri kabla ya kubonyeza. Alilipa jua mgongo, akasimama hatua tatu au nne mbali na anayepigwa, akabana pumzi ili mkono usitikisike. Saa nzuri zilikuwa asubuhi na alasiri, kwa sababu jua la utosini huyajaza macho kivuli.

Kamera ndogo namna hizi zilisafiri na wamisheni, maofisa na walimu. Wamisheni wa Masasi, wa chama kilichojulikana kwa herufi U.M.C.A., walikuwa na gazeti lao Uingereza, nalo lilitia picha za kazi yao Afrika ili wasomaji watoe sadaka. Picha zile ni hazina, lakini zilichaguliwa na yule aliyekuwa na haja nazo.

Mjini mambo yalikuwa mengine. Unguja palikuwa na nyumba za kupigia picha tangu karne ya 19, kama ile ya A. C. Gomes, na mwaka 1930 Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio. Katika nyumba hizo aliyepigwa picha ndiye aliyelipa. Alivaa nguo aliyoitaka, akakaa alivyopenda, akaichukua picha akampa amtakaye. Huko ndiko mtu alikokuwa bwana wa sura yake mwenyewe. Kijana aliyeondoka kwao kwenda kukata mkonge aliweza kumpelekea mama yake picha kwa posta, na mama akajua kwamba mwanawe yu hai na ana shati zuri. Picha hiyo haikuandikwa kabila. Ilikuwa ya mwanawe.

Miaka ikapita. Korosho zikaleta fedha Masasi na Newala, na kamera zikawa rahisi zaidi. Mwaka 1963 ikatoka Instamatic, ambayo filamu yake imo katika kijaluba, ukichomeka tu umekwisha. Sasa wengi wana kamera ndani ya simu. Mtu wa Newala hamngojei tena mgeni aje kumpiga picha. Kamera anayo mwenyewe.

Basi, msomaji wangu, irudie ile picha uliyoiweka mbele yako. Kama mgongo wake ni mtupu, tofauti yako na yule mgeni wa mwaka 1906 ni nini? Yeye hakuandika jina kwa sababu hakumjua yule mama. Wewe unamjua, nawe hukuandika! Leo unasema, “Huyu ni shangazi, nani asiyemjua?” Watoto wako wanamjua kidogo. Wajukuu wako hawatamjua kabisa. Watashika mkononi sura ya damu yao, nao watasema, “Mwanamke wa Kimakonde,” kama kilivyosema kitabu.

Fanya hivi. Twaa picha zote za nyumbani, nenda nazo kwa mzee wa ukoo angali na kumbukumbu. Muulize huyu ni nani, mtoto wa nani, mahali gani, mwaka gani. Asipoujua mwaka atakwambia, “Kabla hatujahamia kijijini,” na hilo nalo liandike. Andika nyuma kwa kalamu ya risasi laini, polepole, ili karatasi isipate alama upande wa mbele. Ziweke pakavu, mbali na moshi na mchwa. Na ukipiga picha mpya, hata kwa simu, omba ruhusa kwanza, uliza jina, kisha uliandike siku ile ile. Heshima uliyomtakia bibi wa Newala mwaka 1906, mpe jirani yako leo.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Kwa nini picha nyingi za mwaka 1906 zina jina la kabila wala hazina jina la mtu?

2. Picha iliyolipiwa na aliyepigwa ina tofauti gani na picha ya mgeni?

3. Kila mmoja alete picha moja ya kwao. Ni ngapi zilizoandikwa majina? Zile zisizoandikwa, ni mzee gani wa kuulizwa kabla juma halijaisha?