Babu kageuzwa mpangaji: Uingereza ilipoanza kuhesabu ndugu ndani ya nyumba

Ndugu na marafiki zangu wanaoishi Uingereza wana swali moja ambalo halikosi kila mtu wa nyumbani anapofunga safari kwenda kuwatembelea. Akija mdogo wangu akakaa kwangu miezi mitatu, je, halmashauri itanikata msaada wa kodi ya nyumba? Kwetu huku mgeni ana sheria yake, siku mbili analishwa na ya tatu anapewa jembe, na serikali haihusiki hata kidogo. Kule inahusika. Na ukichimba historia unakuta hofu hii ina umri wa karibu miaka mia, na walioionja kwanza ni Waingereza wenyewe.

Twende mwaka 1931. Uchumi wa dunia umeanguka, viwanda na migodi vinafungwa, hazina ya London imekauka. Serikali ya mseto ya Ramsay MacDonald ikapunguza posho ya wasio na kazi kwa asilimia 10, hivyo mwanamume aliyekuwa akipata shilingi 17 kwa wiki akashuka hadi shilingi 15 na peni 3. (Shilingi 20 za wakati ule zilikuwa pauni moja, hesabu ileile iliyotumika kwenye shilingi yetu ya Afrika Mashariki.) Hilo lilikuwa chungu, ila halikuwa ndilo lililoacha kovu.

Kovu lililetwa na kipimo cha uwezo wa kaya, kilichoanza kazi Novemba 1931. Ukishamaliza wiki 26 za posho ya bima bila kupata kazi, ulihamishiwa kwenye malipo mengine yaliyosimamiwa na kamati za misaada za serikali za mitaa. Kamati hizo zilirithi kazi ya sheria ya zamani ya maskini, na jina tu la sheria hiyo liliwatia watu aibu. Mkaguzi anabisha hodi, anaingia sebuleni, anauliza: nani anaishi humu? Anapata kiasi gani? Mna akiba? Samani hii ni ya nani? Kisha kila shilingi iliyoingia kwenye nyumba ile, awe kaileta nani, inahesabiwa kama ya kwako.

Tuseme baba kaachishwa kazi mgodini na binti yake kaajiriwa kiwandani. Mshahara wa binti unatolewa kwenye posho ya baba. Binti akiongezwa mshahara, baba anapunguziwa. Yaani mtu mzima, fundi aliyelisha familia miaka 20, sasa analishwa na mwanawe kwa amri ya kamati. Mimi sioni ajabu kwamba watoto wengi waliamua kuhama. Wengine walihama kweli, wakapanga chumba mtaa wa pili au wakahamia kwa shangazi. Wengine walihama kwa karatasi tu, wakaandikisha anwani ya ndugu huku usiku wakirudi kulala kwao. Kijana akawa mgeni wa muda katika nyumba aliyozaliwa.

Wazee nao hawakupona. George Orwell, katika kitabu chake cha mwaka 1937 kuhusu maisha ya wachimba makaa ya mawe wa kaskazini, The Road to Wigan Pier, anaeleza habari ya mzee mjane mwenye pensheni ya shilingi 10 kwa wiki. Kwa kawaida mzee wa namna hiyo angeishi na mwanawe, na shilingi zake zingesaidia jikoni. Chini ya kipimo kile alihesabiwa kama mpangaji, na akibaki pale posho ya mwanawe inakatwa. Basi babu anafungasha, anakwenda kupanga kwa watu baki, pensheni yote inaishia kwa mwenye nyumba, na yeye anabaki na njaa. Orwell anasimulia pia kuhusu jamaa mmoja aliyeonekana akiwalisha kuku wa jirani aliyesafiri. Taarifa ikapelekwa kwa wakubwa kwamba huyu ana kazi ya kulisha kuku! Ilimtoa jasho kujitetea. Majirani walikuwa wanachomana, na sheria ndiyo iliyowapa kiberiti.

Kamati hazikulingana kwa ukali. Za Rotherham na kaunti ya Durham zilionekana mno kuwa na huruma, na mwaka 1932 serikali kuu ikaziondoa na kuweka makamishna wake. Septemba mwaka huohuo kulikuwa na vurugu kubwa Birkenhead, na baadaye waandamanaji wa njaa wakatembea kwa miguu hadi London.

Mwaka 1934 ilitungwa sheria mpya iliyokabidhi kazi hii kwa bodi moja ya taifa. Viwango vyake vilipoanza Januari 1935, familia nyingi zikajikuta zinapata pungufu kuliko zilivyopewa na kamati. Wales Kusini ikalipuka. Wachimba madini, wake zao, wachungaji wa makanisa na wenye maduka waliandamana pamoja, na huko Merthyr Tydfil umati ukavamia ofisi ya bodi. Serikali ikarudi nyuma ndani ya siku chache, ila kipimo chenyewe kikabaki. Kilikuja kuondolewa mwaka 1941, katikati ya vita, Ernest Bevin akiwa Waziri wa Kazi. Tangu hapo likaangaliwa pato la mwombaji, mwenzi wake na wanaomtegemea.

Lakini mzizi haukung'olewa wote. Ndugu mwenye kipato anayeishi pale aliendelea kuhesabiwa kwamba anachangia kodi, awe anachangia au hachangii. Wazo hilo ndilo linalowafikia ndugu zetu leo. Chini ya mfumo wa Universal Credit, mpangaji anayeishi na ndugu mtu mzima, tuseme kaka wa miaka 25, anaweza kukatwa zaidi ya pauni 90 kwa mwezi kwenye sehemu ya kodi ya nyumba, ingawa kuna misamaha, kwa mfano kwa baadhi ya wenye mafao ya ulemavu. Anayeishi peke yake hupunguziwa asilimia 25 ya kodi ya halmashauri, na nafuu hiyo nayo inaweza kutoweka mtu mzima wa pili akihamia.

Tofauti na mwaka 1931 ni kwamba leo linatazamwa jambo moja: huyu mtu makazi yake ya kawaida ni wapi? Shangazi aliyetoka Tanga kwa viza ya matembezi, ambayo kwa kawaida haizidi miezi 6, na nyumba yake Tanga bado ipo, ni mgeni. Hawezi kufanya kazi wala kuomba mafao, na kulala kwake sebuleni kwako hakumfanyi mkazi. Kasheshe inakuja kwa mdogo wako anayeishi hukohuko, aliyekosa chumba akaja kujishikiza wiki mbili, barua zake za benki zikahamia kwenye anwani yako, na sasa ni Krismasi ya pili. Huyo mtolee taarifa mapema, kwa maandishi, na tarehe aliyoingia uiandike. Akiondoka, andika tena.