Sikukuu ya Taa

Msomaji, katika sura ya 10 ya Injili ya Yohana imetajwa sikukuu ambayo wengi wetu huipita tusiulize. Bwana Yesu alikuwa akitembea hekaluni Yerusalemu, na mwandishi asema ya kwamba ilikuwa Sikukuu ya Kutabaruku, wakati wa baridi. Ni kitu gani kilichotabarukiwa? Mkatoliki wa Kitui aweza kulipata jibu katika Biblia yake, maana vimo vitabu viwili vya Wamakabayo. Jirani yake Mprotestanti wa Makueni hatavikuta katika yake. Na la ajabu zaidi, Biblia ya Wayahudi wenyewe haina vitabu hivyo, ingawa sikukuu ni yao.

Habari yenyewe ni hii. Mwaka 167 kabla ya Kristo, Mfalme Antioko wa Nne, aliyetawala Siria, alipiga marufuku dini ya Wayahudi. Alikataza Sabato na tohara, na Hekalu likatiwa unajisi kwa ibada ya miungu ya Wayunani. Kuhani mzee wa mji wa Modini, jina lake Matathia, alikataa kutii, akakimbilia milimani pamoja na wanawe watano. Alipofariki, mwanawe Yuda, aliyeitwa Makabayo, alishika uongozi wa vita. Mwaka 164 walilitwaa Hekalu, wakalisafisha, wakajenga madhabahu mpya, wakashangilia siku nane. Kutabaruku huko ndiko kunakoitwa Hanuka kwa Kiebrania.

Kwa nini siku nane? Hapa mwanafunzi wa historia yampasa kuwa mwangalifu. Kitabu cha pili cha Wamakabayo chasema walifanya kama katika Sikukuu ya Vibanda, ambayo walikuwa wameikosa walipokuwa wakiishi mapangoni. Talmudi, iliyokusanywa karne nyingi baadaye, yatoa sababu nyingine: kilipatikana kichupa kimoja tu cha mafuta safi, cha kutosha siku moja, nayo taa ikawaka siku nane. Vitabu vya Wamakabayo havitaji muujiza huo. Basi kila habari na tuiulize imeandikwa lini. Lakini tusiidharau hii ya mafuta, kwa kuwa ndiyo iliyoipa sikukuu sura yake nyumbani.

Sikukuu huanza tarehe 25 ya mwezi wa Kislevu, ambao kwa kawaida huangukia Novemba au Desemba. Huko Yerusalemu ni majira ya baridi. Kwetu Ukambani ni wakati wa mvua za vuli, mashamba yakiwa na kunde na ndengu. Jua likiisha kutua, jamaa hukusanyika mbele ya kinara chenye nafasi tisa. Nafasi moja ni ya mshumaa unaoitwa mtumishi, ambao huwashia mingine. Usiku wa kwanza huwashwa mmoja, wa pili miwili, hata wa nane minane. Kinara huwekwa dirishani au karibu na mlango ili wapitao waone, na nuru yake haitumiki kwa kazi wala kusomea. Vyakula hukaangwa kwa mafuta, kama vile viazi na maandazi, nao watoto hucheza pia yenye herufi nne za Kiebrania. Kazi haikatazwi kama siku ya Sabato. Katika sinagogi huimbwa Zaburi za sifa, na husomwa habari za kuwekwa wakfu kwa madhabahu, katika kitabu cha Hesabu, sura ya 7.

Usidhani mambo haya ni ya mbali. Wayahudi waliokuja Kenya kwa njia ya Mombasa walipita kwa gari la moshi Kibwezi na Makindu, katika Makueni ya leo. Huko Nairobi jiwe la msingi la sinagogi lao la kwanza liliwekwa mwaka 1912. Na katika Uganda ya mashariki, karibu na Mbale, wako Waafrika waitwao Abayudaya, ambao mkubwa wao, Semei Kakungulu, alishika dini hiyo mwaka 1919. Idi Amin, aliyetawala toka 1971 hata 1979, aliipiga marufuku dini yao. Wengi waliiacha, wachache waliishika kwa siri, kama watu wa Modini waliojificha mapangoni. Amin alipoanguka, waliibuka tena, na mwaka 2008 mmoja wao, Gershom Sizomu, alipewa daraja la rabi.

Lakini msomaji, historia haiishii pale taa zinapowaka. Mpwa wa Yuda, Yohana Hirkano, alipokuwa na nguvu, aliishinda nchi ya Waedomu, akawaamuru watahiriwe na kufuata sheria za Kiyahudi, ama wahame nchi yao. Baba zake walikuwa wamekimbilia milimani kwa sababu mfalme aliwakataza tohara. Yeye sasa aliwalazimisha wengine tohara. Haukuwa umepita hata muda wa miaka 60. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika ibara ya 32, yampa kila mtu uhuru wa dini. Kuutaka uhuru huo ukiwa mnyonge ni jambo jepesi. Mtu hupimwa siku ambayo wenye nguvu ni watu wake, na jirani yake ndiye awashaye taa peke yake.