Kwa Nini Benki Huishiwa na Pesa, na Pesa ni Zetu?

Akina mama wenzetu, habari za mbuzi, matangi na karo mtazisoma kurasa za mbele. Sisi wa kamati tuliombwa tujibu swali linalorudi kila mkutano: benki inaishiwa vipi, na pesa ni sisi tumeweka?

Chama chetu kilianza 2015, mwaka mgumu kwa benki za Kenya. Mwezi wa Agosti Dubai Bank ilifungwa. Tarehe 13 Oktoba ikawa Imperial Bank. Halafu tarehe 7 Aprili 2016, Chase Bank. Waliokwenda kutoa pesa walikuta milango imefungwa.

Benki si kama kisanduku chetu cha kufuli tatu. Wakati ule, katika kila shilingi mia ya akiba, benki ilitakiwa kuweka shilingi 5 na senti 25 Benki Kuu. Nyingi ya zile zingine ziko kwa mikopo na hati za serikali. Jioni ikifika, benki moja ina ziada, nyingine imepungukiwa. Basi hukopeshana, mara nyingi kwa usiku mmoja tu, kesho yake deni linarudi na riba. Ni kama jirani kukuazima unga. Siku za kawaida hakuna hata anayejua.

Lakini hofu ikiingia, wapi! Mwezi wa Septemba 2015 riba hiyo ya kukopeshana ilipita asilimia 20. Imperial ilipofungwa, benki kubwa zilikuwa na pesa lakini zikaogopa kukopesha ndogo, maana nani ajuaye atakayefuata? Wenye akiba nao wakahamia kwa kubwa. Mdogo akabanwa huku na huku. Habari za Chase zilienea kwa simu, watu wakatoa pesa mbio mbio. Tuseme ukweli, haukuwa uvumi mtupu: hesabu zake zilirekebishwa, na mikopo ya watu wa ndani ikaonekana mikubwa kuliko ilivyotangazwa kwanza.

Hapo Benki Kuu ikaingia. Gavana wa wakati huo, Dkt. Patrick Njoroge, alitangaza kwamba benki itakayobanwa bila kosa lake itapewa pesa. Benki hupeleka hati zake za serikali ziwe rehani, inapewa pesa taslimu. Kwa maoni yetu, neno lile lilituliza watu kuliko pesa zenyewe. Chase ikafunguliwa tena tarehe 27 Aprili chini ya usimamizi wa KCB, wateja wakaruhusiwa kutoa hadi shilingi milioni moja. Baadhi ya wale wa Imperial walingoja miaka.

Bima ya akiba wakati ule ilikuwa laki moja tu kwa mwenye akiba. Ilifika laki tano mwaka 2020. Nasi tulikuwa na zaidi ya laki mahali pamoja, kwa jina moja. Basi Mei 2016 tulikaa, tukabishana sana, tukagawa pesa benki mbili. Mwekahazina alilalamika kwamba vitabu viwili vitamchosha. Anavyo mpaka leo, na bado analalamika.