Shela ya hariri ya miaka ya 1890: ilishonwaje?

Wadau, dada yangu anaolewa huku Kirua Vunjo, na bei za kukodi shela Moshi mjini zinatutoa jasho. Nikaamua kuchimba shela za Uingereza za miaka ya 1890, enzi zile zile wamisionari wanaanza kazi kwa jirani zetu Kilema.

Kwanza, halikuwa gauni moja. Ni blauzi ya kubana na sketi ndefu, zikikutana kiunoni unadhani kitu kimoja. Kazi yenyewe iko ndani ya blauzi. Hariri ya juu ni pambo tu. Anayebeba mzigo ni bitana ya pamba, imekatwa vipande vingi kufuata mwili, na kwenye mishono wanapitisha vijiti vya kukaza, vingi vikitoka mdomoni mwa nyangumi (si mfupa, jamani). Zipu hakuna, ni vishikizo vya chuma mstari mzima. Mikono ilivimba begani, kufika 1895 ikawa kama mito ya kulalia!

Ila viwanda navyo vilikuwa na ujanja: hariri iliongezwa uzito kwa chumvi za madini ya bati. Ndiyo maana nyingi leo zinachanika zenyewe makumbusho.

Nilichopenda ni vile vipande viwili. Harusi ikiisha, sketi inavaliwa tena na blauzi inabadilishwa. Ya kukodi Jumatatu inarudi dukani. Nimemwambia dada ajaribu hivyo kwa fundi, satini ya kawaida tu. Mafundi mliomo humu, ushonaji wake shilingi ngapi?