Osteokondroma ya Taya: Si Saratani, Wala Si "Uvimbe Salama"

Osteokondroma ni kinundu cha mfupa chenye kofia ya gegedu, ile tishu imara inayopindika bila kuvunjika, ambayo pia huyapa masikio na ncha ya pua umbo lake. Kwenye mifupa mirefu, hasa karibu na goti, uvimbe huu ni wa kawaida. Kwenye taya ni adimu, kwa kuwa mifupa mingi ya uso huumbika bila kupitia hatua ya gegedu. Ukitokea huko, mara nyingi hushika kichwa cha taya ya chini, pale kinapoungana na fuvu mbele ya sikio. Hukua taratibu kwa miaka: kidevu huenda upande, meno ya juu na ya chini huacha kukutana, na mgonjwa hutafuna kwa taabu. Jamaa za osteokondroma ni osteoma, ambayo ni mfupa mtupu, na kondroma, ambayo ni gegedu tupu.

Hospitalini uvimbe wa aina hii huitwa "uvimbe usio wa saratani". Mtu anaweza kulalamika kwamba jina hilo ni refu na linaeleza kitu kwa kukanusha, akapendekeza "uvimbe salama". Ufupi huo una gharama. Osteokondroma haisambai mwilini, lakini inaweza kumnyima mtu chakula. Ameloblastoma, inayotokana na seli zinazohusika na kuumba meno, nayo si saratani, ila huila taya na aghalabu hurudi ikikwanguliwa tu. Osteoma kadhaa kwenye taya moja huweza kuashiria sindromu ya Gardner, inayoambatana na vinyama vya utumbo mpana ambavyo baadaye hugeuka saratani. Mtu aliyeambiwa "salama" hana sababu ya kurudi kliniki. Ukanushaji, kinyume chake, hujibu swali analoliuliza kila mgonjwa, na hauahidi zaidi ya hapo.

Hata hivyo, kukanusha peke yake hakutoshi. Lazima tishu nayo itajwe. Ushahidi upo Kampala. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Hospitali ya Mulago, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya za watoto akiuita sarkoma, yaani saratani ya tishu kama mfupa na misuli. Wanapatholojia walipobaini kwamba ni limfoma, yaani saratani ya seli za limfu, tiba nayo ilibadilika: dawa zikachukua nafasi ya kisu. Uvimbe huo huweza kuongezeka maradufu kwa siku chache, ilhali osteokondroma huchukua miaka. Neno "uvimbe wa taya" likiandikwa peke yake huyaweka magonjwa hayo mawili kwenye foleni moja.

Tabora inaonyesha kwa nini jambo hili si la wanakamusi peke yao. Mgonjwa wa Kitete, hospitali ya mji huo, anayehitaji upasuaji mkubwa wa taya huenda akapewa rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza, au ya Muhimbili, Dar es Salaam. Akishika reli ya kwenda pwani, iliyofika Tabora mwaka 1912, anasafiri jirani na njia ya zamani ya misafara iliyounganisha Bagamoyo na Ujiji. Karatasi ya rufaa itasomwa na watu ambao hawakuwahi kumwona, na yeye mwenyewe atapaswa kuieleza nyumbani.

Kuna watakaosema kwamba neno "osteokondroma" ni geni mno kwa kazi hiyo. Lakini njia hiyohiyo ya misafara ilipitisha merikani, kitambaa kilichobeba jina la nchi kilikotoka, na jina likabaki kwa kuwa lilimwambia mnunuzi jambo la maana. Jina geni linalofafanuliwa halina ubaya. Ubaya ni kumwachia mgonjwa jina tupu. Kwa hiyo napendekeza karatasi iseme yote kwa pamoja: "osteokondroma ya kichwa cha taya ya chini, yaani uvimbe wa mfupa na gegedu usio wa saratani". Daktari atapata utambuzi kamili, na mgonjwa atajua kilichomo tayani mwake, kisichomo, na kwamba bado ana miadi ya kurudi.