Picha ipo, sauti haipo: Tiba ya kanda za nyumbani zinazokuwa bubu kwenye runinga

FAMILIA imekusanyika sebuleni, iwe mjini Bungoma au Kitale, kutazama kanda ya mazishi ya babu. Video imo ndani ya tarakilishi na inapeperushwa hadi kwenye runinga kupitia waifai ya nyumbani. Picha inaonekana barabara: mzee wa kumuse anatembea mbele ya waombolezaji, fimbo mkononi, midomo ikicheza. Hata hivyo, neno halisikiki. Runinga inaandika tu kwamba aina hiyo ya sauti haikubaliki.

Kwa Wabukusu, hasara hiyo si ndogo. Kumuse ni hotuba inayotolewa na mzee mahususi baada ya mazishi ya mtu aliyeheshimika, na uzito wake wote umo katika maneno. Hali kadhalika kwa kanda za tohara, ambayo kwa desturi hufanyika mwezi Agosti wa kila mwaka shufwa: bila nyimbo na njuga, picha hizo ni mwili usio na roho.

Wapo wanaodhani kanda imeharibika, wakaifuta. Hilo ni kosa lisilorekebishika. Mara nyingi sauti ipo salama salimini, ila runinga haielewi namna ilivyoandikwa.

Kiini cha tatizo

Faili ya video ni kama kapu lenye vitu viwili: picha na sauti. Herufi za mwisho wa jina la faili, kama vile MP4, MKV au AVI, ni jina la kapu tu, hazisemi kilichomo. Sauti hubanwa kwa mbinu iitwayo kodeki, na runinga isiyo na kodeki hiyo haiwezi kuifungua hata kama picha inafunguka.

Sauti za AAC na MP3 hukubaliwa na karibu runinga zote za kisasa. Matatizo hutokana zaidi na aina nne zifuatazo.

Ya kwanza ni DTS, iliyoingia katika kumbi za sinema mwaka 1993 na ambayo hupatikana katika filamu nyingi. Watengenezaji wa runinga huilipia leseni, na baadhi yao waliiacha: Samsung iliiondoa kwenye runinga zake za mwaka 2018, nayo LG ikafanya vivyo hivyo mwaka 2020 kabla ya kuirejesha katika baadhi ya modeli za 2023.

Ya pili ni AC-3, yaani Dolby Digital. Kamera nyingi za mfumo wa AVCHD, uliozinduliwa mwaka 2006, hurekodi sauti kwa mbinu hii. Runinga nyingi huisoma, lakini si zote.

Ya tatu ni AMR, iliyotumiwa na rununu za zamani zilizorekodi faili za 3GP. Ya nne ni PCM, sauti isiyobanwa, inayotoka kwenye baadhi ya kamera za wapigapicha wa harusi na mazishi.

Hatua za kufuata

Kwanza, itambue sauti. Fungua faili kwa programu ya VLC, ambayo haitozwi ada, kisha kwenye tarakilishi ya Windows ubonyeze Ctrl na J kwa pamoja. Maelezo ya kodeki yatajitokeza. Ukiona A52, hiyo ni AC-3. Ikiwa VLC inatoa sauti, kanda yako ni nzima na tatizo liko kwenye runinga.

Pili, nakili faili kwenye flashi na uichomeke kwenye runinga moja kwa moja. Sauti ikisikika, mwenye hatia ni programu inayopeperusha, wala si runinga. Ikikosekana tena, runinga yenyewe haina kodeki hiyo.

Tatu, chunguza kama faili ina sauti zaidi ya moja. Filamu nyingine hubeba DTS na AC-3 kwa pamoja, na inatosha kuchagua ya pili kwenye menyu ya sauti ya runinga.

Nne, ikiwa umeunganisha spika za nje, ingia katika mipangilio ya sauti ya runinga na ubadilishe sauti inayotoka iwe PCM. Huenda runinga inatuma sauti ambayo spika hizo haziifahamu.

Tano, tumia programu inayotafsiri sauti wakati wa kupeperusha. Jellyfin, Plex na Universal Media Server zina uwezo huo: zikigundua kwamba runinga haielewi DTS, hubadilisha sauti papo hapo. Kubadilisha sauti pekee si kazi nzito kwa tarakilishi ya kawaida. Kubadilisha picha ndiko huielemea. Isitoshe, data ikisafiri kati ya tarakilishi na runinga kupitia ruta ya nyumbani haili bando za intaneti.

Sita, kwa kanda unazozithamini, badilisha sauti mara moja ili usisumbuke tena. Programu ya FFmpeg hufanya hivyo kwa amri moja:

ffmpeg -i kumuse.mts -c:v copy -c:a aac -b:a 192k kumuse-mpya.mp4

Maneno "c:v copy" yanaiagiza iache picha kama ilivyo, na "c:a aac" yanaiagiza igeuze sauti iwe AAC. Kwa kuwa picha haiguswi, ubora wake haupungui na kazi huisha haraka.

Anayetaka kutazama usiku huohuo anaweza kuunganisha tarakilishi na runinga kwa kebo ya HDMI. Hapo tarakilishi ndiyo inayofungua sauti, na runinga hupokea kitu kilichokwisha kutafsiriwa. Wenye runinga za Android nao wanaweza kuweka VLC ndani ya runinga yenyewe.

Tahadhari

Usifute faili asilia hata baada ya kufanikiwa kuigeuza. Kila mgeuzo wa sauti hupunguza ubora kidogo, na huenda siku moja ukahitaji kurudia kazi hiyo kwa mbinu bora zaidi. Iweke kwenye diski mbili tofauti, moja ikiwezekana kwa ndugu anayeishi mbali.

Aidha, unapomwajiri mpigapicha, mwombe mapema akukabidhi kanda yenye picha ya H.264 na sauti ya AAC ndani ya MP4, pamoja na faili asilia. Runinga inaweza kununuliwa tena Kitale au Bungoma. Sauti ya mzee aliyekwisha kuzikwa hairekodiwi mara ya pili.