SAFU YA LUGHA: Mwani hauchanui

Gazeti limeandika kuwa katika Ghuba ya Winam, Kisumu, “mwani umechanua”. Jamani, ua ndilo huchanua, mwani hutanda. Tena mwani ni neno la pwani, la ule unaolimwa baharini na akina mama wa Paje, Zanzibar. Ule uji wa kijani wa Ziwa Victoria mara nyingi ni bakteria, Microcystis na jamaa zake, wanaonenepeshwa na mbolea na maji taka. Kuuita magugu maji ni kosa zaidi: gugu maji lina majani na ua la zambarau, na hung’olewa kwa mkono. Mimi nasema utando wa kijani. Sumu yake, mikrosistini, haiondoki kwa moto. Mwaka 2014, sumu hiyo ilipoingia kwenye maji ya bomba ya Toledo, Marekani, wakazi walionywa wasiyachemshe, maana yangezidi makali.